Jinsi ya kumjibu mwenzako aliyehakiki mhusika mwovu: tumtazame Svidrigailov wa Dostoevsky

Darasa zima limesoma riwaya moja, kila mtu ameandika uhakiki wake, kisha mmebadilishana kazi: soma ya mwenzako, umjibu. Hapo ndipo wengi hukwama. Mmoja huandika "hongera, umechambua vizuri sana" akaweka kalamu chini. Mwingine hujigeuza mwalimu, akaanza kusahihisha tahajia na nukta. Wa tatu husema "sikubaliani nawe", halafu akaandika uhakiki wake mwenyewe tangu mwanzo, kana kwamba mwenzake hakuandika neno. Wote watatu hawajajibu kitu.

Kumjibu mwenzako ni kuishika hoja aliyoitoa, kurudi nayo kitabuni, na kumwonyesha ulichokikuta huko ambacho kinaitia nguvu, kinaipunguza au kinaigeuza. Kwa mhusika mwovu kazi hii inahitaji uangalifu zaidi, maana mwovu hututia hasira, na msomaji mwenye hasira huamini haraka kila baya analosimuliwa.

Mwongozo huu wote nitautolea mfano mmoja: Arkady Ivanovich Svidrigailov, katika Uhalifu na Adhabu ya Fyodor Dostoevsky, riwaya iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Russkiy Vestnik mwaka 1866. Nimemchagua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuteleza kwake. Nilianza kuisoma riwaya nikiwa nimeshaambiwa na watu kwamba alimuua mkewe. Nikafika ukurasa wa mwisho nikiamini nimeisoma habari hiyo kitabuni. Nilipoitafuta ili niinukuu, sikuipata. Kitabu hakisemi hivyo.

Tuseme basi mwenzako ameandika hivi:

"Svidrigailov ni mtu mwovu asiye na hata chembe ya utu. Alimuua mkewe, alimtesa mtumishi wake mpaka akajinyonga, alimnajisi binti mdogo ambaye naye alijinyonga, na mwishowe akamtega Dunya chumbani. Kupitia kwake, Dostoevsky anatuonyesha kwamba mtu asiyeamini maisha ya baadaye mwisho wake ni kujiua."

Si kazi mbaya. Ina msimamo, ina matukio, ina dhamira. Na kwa kuwa ina msimamo, inajibika.

Kwanza nyoosha majina

Hili ni dogo lakini limewaangusha wengi. Katika riwaya za Kirusi mtu mmoja huitwa majina matatu au manne. Jina la kati ni la baba: Arkady Ivanovich ni Arkady bin Ivan, Avdotya Romanovna ni Avdotya binti Roman. Huyo Avdotya ndiye Dunya, na Rodion Romanovich, au Rodya, ndiye kaka yake, Raskolnikov, mhusika mkuu wa riwaya, kijana aliyeua na kuificha siri hiyo. Andika orodha yako kwenye karatasi kabla hujaanza. Nimewahi kuona jibu zima lililojengwa juu ya "mgongano" wa watu wawili ambao kitabuni ni mtu mmoja.

Hatua ya 1: Isome kazi yake mara mbili, na kalamu uishike mara ya pili

Mara ya kwanza soma tu, umsikilize. Mara ya pili tenga madai yake. Katika aya ile kuna madai ya vitendo manne: mke, mtumishi, binti, Dunya. Kuna dai moja la tabia, kwamba hana chembe ya utu. Na kuna dai moja la maana, kwamba kutoamini humfikisha mtu kwenye kujiua. Madai ya namna hizi tatu hayapimwi kwa kipimo kimoja. La kitendo unalipima kwa kuuliza kama limetokea kitabuni na nani kalisema. La tabia unalipima kwa kutafuta tukio linalolipinga. La maana unalipima kwa kuangalia kama riwaya yote inalikubali, pamoja na wahusika wengine.

Kisha andika hoja yake kuu kwa maneno yako, sentensi moja. Jiulize: mwenzangu akiisoma sentensi hii atasema "ndiyo, hicho ndicho nilichosema"? Kama hatasema hivyo, hujamwelewa bado, na chochote utakachoandika utakuwa unamjibu mtu usiyemjua.

Hatua ya 2: Kwa kila kitendo, uliza "nani amesema?"

Hapa ndipo penye kazi hasa, kwa hiyo usipapitie mbiombio. Chukua karatasi uigawe sehemu nne: tuliyoyaona yakitendeka, aliyoyakiri mwenyewe, waliyoyasema wengine, na aliyoyaota. Halafu panga.

Kifo cha mkewe, Marfa Petrovna. Mama yake Dunya analisimulia katika Sehemu ya 3, na kauli yake ni ya "wanasema": wanasema alimpiga vibaya. Svidrigailov mwenyewe, Sehemu ya 4, Sura ya 1, anasema alimchapa ufito mara mbili tu, na kwamba uchunguzi wa daktari ulikuta kiharusi kilichosababishwa na kuoga mara tu baada ya mlo mzito na karibu chupa nzima ya divai. Papo hapo anajiuliza kwa sauti kama hakuchangia kifo hicho kwa kumuudhi. Basi kupiga kumekiriwa. Kuua hakukuthibitishwa. Ni mambo mawili, na mhakiki mwangalifu hayachanganyi.

Mtumishi Filipo na yule binti bubu asiyesikia. Habari zao tunazipata katika Sehemu ya 4, Sura ya 2, na msimulizi ni Luzhin. Tulia hapo. Luzhin wakati huo ni mchumba wa Dunya, na kikao hichohicho kitakwisha kwa yeye kutolewa nje. Kuhusu yule binti, Luzhin mwenyewe anakiri kwamba habari ilitoka kwa mwanamke ambaye neno lake halikuaminika, na kwamba haikuvuka kiwango cha uvumi. Kuhusu Filipo, Dunya anampinga uso kwa uso: yeye alisikia kwamba mtumishi huyo alikuwa mtu wa mawazo mengi na vitabu vingi, na kwamba kilichomsukuma ni dhihaka za bwana wake zaidi ya kipigo. Anaongeza kuwa wakati alipofanya kazi nyumbani kwa Svidrigailov, aliona akiwatendea watumishi vizuri. Na anayesema hayo ni mwanamke aliyeaibishwa kijiji kizima kwa sababu ya Svidrigailov. Hana sababu ya kumpendelea.

Sasa fungua Sehemu ya 5, Sura ya 3. Luzhin huyuhuyu amemtilia Sonya, msichana maskini rafiki wa Raskolnikov, noti ya rubo 100 mfukoni kwa siri, na mbele ya wageni wa matanga anamwita mwizi. Shahidi wetu mkuu dhidi ya Svidrigailov ni mtu tuliyemshuhudia akimzulia uongo msichana asiye na mtetezi. Mwenzako akiliona hili hatasoma tena sura ile kama alivyoisoma.

Lakini usikimbilie kusema basi Svidrigailov ni safi. Mwongo naye huweza kusema kweli. Angalia sehemu ya nne ya karatasi yako, ya ndoto. Usiku wake wa mwisho, katika hoteli chafu (Sehemu ya 6, Sura ya 6), anaota chumba kilichojaa maua, katikati pana jeneza, na ndani yake binti wa miaka 14 aliyejitupa majini. Na hapo msimulizi anatuambia waziwazi kwamba Svidrigailov alimfahamu binti huyo. Si Luzhin tena anayesema, wala si uvumi wa mjini. Binti wa simulizi la Luzhin alijinyonga, huyu amezama, hawalingani. Ila kuna mtoto aliyeumizwa, na ndani ya kichwa cha Svidrigailov mtoto huyo hajazikwa.

Huo ndio ufundi wa Dostoevsky, na ndio unaopaswa kumpelekea mwenzako: makosa makubwa ya mtu huyu hatuonyeshwi. Tunayasikia kwa watu tusiowaamini, kisha tunayaona yakirudi ndotoni mwake. Mwenzako ameyaandika yote kwa "alifanya, alifanya, alifanya". Kitabu kimeyaandika kwa "inasemekana".

Hatua ya 3: Lipime dai la maana kwa kumtumia mhusika mwingine

Mwenzako anasema asiyeamini maisha ya baadaye mwisho wake ni kujiua. Rudi Sehemu ya 4, Sura ya 1, kwenye mazungumzo ya kwanza ya Svidrigailov na Raskolnikov. Svidrigailov anaeleza jinsi marehemu mkewe alivyomtokea mara tatu, mara moja kuja tu kumkumbusha kwamba amesahau kujaza saa. Wa kusema "mimi siamini maisha ya baadaye" ni Raskolnikov. Svidrigailov ndiye anayeuliza: itakuwaje kama huko kuna buibui tu? Labda umilele wote ni chumba kidogo kama bafu la kijijini, cheusi kwa masizi, na buibui kila pembe.

Aliyetamka kutoamini hakujiua, alikwenda kukiri polisi. Aliyejiua ndiye aliyekuwa akiona mizimu na kuuwazia umilele kuliko mtu yeyote katika riwaya ile. Hoja ya mwenzako kwa jinsi alivyoiandika haisimami, ingawa ndani yake mna kitu. Tatizo la Svidrigailov ni kwamba huko mbele anaona pachafu, padogo, na pasipo mwisho. Mpe mwenzako marekebisho hayo na hoja yake itakuwa imara kuliko ilivyokuwa.

Hatua ya 4: Chagua tukio moja la kusoma kwa karibu

Jibu lenye matukio kumi ni muhtasari. Lenye tukio moja lililosomwa sawasawa ni uhakiki. Kwa dai la "hana hata chembe ya utu", tukio ni mlango uliofungwa katika Sehemu ya 6, Sura ya 5.

Svidrigailov amemvuta Dunya chumbani kwake kwa kumwambia anaijua siri ya kaka yake. Mlango umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake, jirani hayupo. Dunya anatoa bastola, ile aliyoichukua zamani nyumbani kwa Marfa Petrovna. Risasi ya kwanza inamkwaruza kichwani, damu inachuruzika kwenye panja la kulia. Ya pili inakataa kulipuka. Naye anamwambia: hukuipakia vizuri, si neno, una nyingine, itengeneze, nitangoja. Amesimama hatua mbili mbele yake. Dunya anaitupa bastola chini.

Svidrigailov anamshika kiunoni, anamuuliza kama hampendi. Dunya anatikisa kichwa. Na huwezi? Kamwe? Kamwe. Kisha anamwachia, anakwenda dirishani, anauweka ufunguo mezani bila kugeuka kumtazama, na kumwambia auchukue, aondoke upesi.

Soma mpaka mwisho wa sura. Dunya akishaondoka, Svidrigailov anaiokota bastola na kuitazama: imebaki na uwezo wa kufyatua mara moja zaidi. Hotelini usiku ule anaitoa mfukoni na kuitengeneza. Alfajiri, katika ukungu, mbele ya mlinzi mmoja wa zimamoto, anaielekeza kichwani kwake. Risasi ambayo Dunya alikataa kuipiga anaipiga yeye.

Ufunguo ule mezani ni kitu kidogo mno, lakini neno "hata chembe" haliwezi kubaki mahali pake baada yake. Mwambie mwenzako hivyo, na umtajie ufunguo. Usimwambie kwa jumla kwamba "mhusika huyu ana pande mbili". Kauli ya pande mbili inafaa kwa kila mhusika aliyewahi kuandikwa. Ufunguo ule ni wa Svidrigailov peke yake.

Hatua ya 5: Usiwe wakili wake

Msomaji akishaona ufunguo, huanza kumwonea huruma, na jibu lake huteleza likawa utetezi. Utaandika kwamba aliwapeleka yatima wa Katerina Ivanovna, mama wa kambo wa Sonya, kwenye makao na kumwekea kila mmoja rubo 1,500, kwamba alimpa Sonya hati za rubo 3,000. Ni kweli, na pesa hizo za Sonya ndizo zilizomwezesha kumfuata Raskolnikov mpaka Siberia. Hilo ni jambo la kushangaza katika riwaya ile, kwamba safari ya wokovu imelipiwa na mtu huyu. Litaje.

Ila litaje pamoja na mengine. Mtu huyuhuyu wa miaka 50 hivi ana mchumba ambaye hajatimiza miaka 16, na anamsimulia Raskolnikov habari zake kwa raha inayochefua. Mlango aliufungua ni kweli, lakini ndiye aliyeufunga. Anayefungua mtego alioutega mwenyewe hastahili kuitwa mkombozi. Kumwelewa mwovu na kumtetea ni mambo mawili, na jibu lako lionyeshe kwamba unajua tofauti hiyo. Ikiwa darasani kwenu kuna mtu aliyewahi kuumizwa na mtu mkubwa mwenye pesa, naye atalisoma jibu lako. Andika ukilikumbuka hilo.

Hatua ya 6: Chuja

Kufikia hapa una mambo mengi kuliko unayoweza kuyasema. Chagua moja la kumpinga na moja la kumkubali. Mengine yaweke. Mwenzako akipokea pingamizi saba atajitetea, akipokea moja lenye ushahidi atafikiri.

La kumkubali nalo liwe mahususi. "Umeanza vizuri" ni salamu tu. "Umeona kwamba kesi yote ya Svidrigailov inaishia chumbani na Dunya, si kwa mkewe" ni ukubali wenye maana, kwa sababu unamwonyesha jicho lake lilitua pazuri.

Hatua ya 7: Andika

Taja mahali kwa Sehemu na Sura. Usitegemee namba za kurasa, kwa maana kila tafsiri na kila chapa ina kurasa zake. Tumia "mimi" na "wewe" bila woga, mnazungumza. Maneno ya "nadhani" na "labda" yaweke pale tu ambapo kweli huna hakika. Mfano wa jibu fupi:

"Mwenzangu, nimeisoma kazi yako mara mbili. Naielewa hoja yako kuwa hii: Svidrigailov amekosa utu wote, na matendo yake manne yanathibitisha. Nakubaliana nawe kwamba tukio la Dunya ndilo kipimo chake. Umeliweka mwisho, na nafikiri ni sawa, maana ndilo pekee kati ya manne tunalolishuhudia kwa macho yetu.

Hayo matatu mengine yamenifanya nirudi kitabuni. Habari za mtumishi na za binti tunazisikia kwa Luzhin (Sehemu ya 4, Sura ya 2), naye katika Sehemu ya 5, Sura ya 3 anamsingizia Sonya wizi. Sisemi kwamba Svidrigailov hakutenda. Ndoto yake ya binti katika jeneza (Sehemu ya 6, Sura ya 6) inanifanya niamini kuna mtoto aliyemuumiza. Nasema Dostoevsky ametunyima uhakika kwa makusudi, na uhakiki wako umetupa uhakika ambao yeye hakuutoa.

Tena, katika tukio ulilolichagua mwenyewe, anauweka ufunguo mezani bila kumtazama Dunya. Kama hana hata chembe ya utu, kwa nini asimtazame? Ningependa kusikia unavyolisoma hilo."

Tazama kilichofanyika. Hoja ya mwenzake imetajwa kwanza, ukubali una sababu, pingamizi lina sehemu na sura, na swali la mwisho ni swali kweli: mwandishi wake hana jibu mfukoni. Inawezekana hamtazami kwa aibu. Inawezekana hamtazami kwa kuwa akimtazama atabadili nia. Kila jibu linampa mtu mwingine.

Kisha soma jibu lako kwa sauti kabla hujalikabidhi. Ukisikia sentensi ambayo usingemwambia mwenzako mkiwa mmekaa benchi moja, ibadilishe.

Akikujibu

Mara nyingi atarudi na kusema: "Lakini alijua kwamba Dunya hatampenda, ufunguo ulikuwa maigizo." Usirudie uliyoyasema. Mwombe mrudi wote wawili kwenye ile hatua mbili kati ya bastola na kifua chake, msome sentensi kwa sentensi, mtafute ni wapi hasa anapoacha kutumaini. Mimi napaona kwenye lile "kamwe" analolinong'ona yeye kwanza, kabla Dunya hajamrudishia. Mwenzako huenda akapaona kwingine, akuonyeshe sentensi.